Chanzo na Mada katika Muundo "Habari za": Neno Habari katika Magazeti ya Awali ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya neno habari katika magazeti ya Kiswahili ya mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1930. Hoja yake kuu ni kwamba muundo habari za, unapofuatwa na jina la mahali au la watu, ulibeba kwa pamoja dhana ya chanzo na dhana ya mada. Msomaji wa leo anayeona mada peke yake hupoteza sehemu ya maana.

1.0 Utangulizi

Habari limetokana na neno la Kiarabu khabar. Kiswahili kililiweka katika ngeli ya I-ZI, hivyo idadi yake hudhihirika katika upatanisho tu: habari ya, habari za. Katika sarufi ya Kiarabu, khabar ni istilahi ya kiarifu, yaani kile kinachosemwa juu ya mtajwa. Katika elimu ya Hadithi, neno hilo hutumika kwa maelezo yanayopokewa kupitia kwa wasimulizi. Katika matumizi yote mawili, upya wa jambo si sharti.

Nathari ya awali ya Kiswahili inaonesha hali hiyo hiyo. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kinasimulia historia ya watawala wa Usambaa. Mambo yake ni ya kale, lakini jina habari halikuonekana kuwa na kasoro.

2.0 Ushahidi wa Majina

Majina ya magazeti yenyewe yanaonesha jinsi kazi ya uandishi ilivyofikiriwa. Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 katika chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, lilimtaja mtendaji: anayesimulia. Habari za Mwezi, la Magila katika miaka ya 1890, lilitaja kisimuliwacho na kipindi kilichokikusanya. Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu Dar es Salaam kuanzia Januari 1923, liliingiza leo katika jina, ingawa lilikuwa la kila mwezi. Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah mwaka 1937 katika mji huo huo, lilitaja mahali pa wasemaji na kuacha kabisa kutaja habari.

Haifai kuyasoma majina haya kama ngazi za maendeleo. Yanachobainisha ni kwamba wakati ulikuwa kigezo kimoja tu miongoni mwa vingine. Msimulizi na mahali vilikuwa na uzito wao.

3.0 A-unganifu na Utata Wake

Mifano ifuatayo ni ya kimuundo:

(1) Habari za Tanga
(2) Habari za Wazaramo
(3) Habari za vita

Mfano (1) na (2) una tafsiri mbili: habari zitokazo kwa wahusika na habari zinazowahusu. Mfano (3) una tafsiri ya mada tu, kwa kuwa vita haviwezi kusimulia. Kwa hiyo utata hautokani na a-unganifu peke yake, bali na aina ya nomino inayofuata.

Salamu za kila siku zinauthibitisha uhusiano huu. Mkazi wa Ukonga akifika Kariakoo huulizwa "Habari za Ukonga?" au kwa kifupi "Za Ukonga?" Nomino huweza kudondoshwa, za haidondoshwi. Anayeulizwa hatakiwi kuleta jambo jipya. Anaulizwa kwa sababu ametoka huko, na jibu "nzuri" linatosha.

Safu za habari za miji zilifuata mantiki hiyo. Aliyeandika habari za mji wake alikuwa mwenyeji wake. Mvua, mavuno, misiba na wageni alivyovitaja vilikuwa vimekwisha kujulikana na majirani zake kabla ya gazeti kuwafikia. Kwa wenyeji, thamani ya maandishi hayo haikuwa katika kuwajulisha, bali katika kuuona mji wao ukihesabiwa miongoni mwa miji mingine, na kusemewa na mtu wao.

Kinyume chake, habari za vita ziliwafikia wasomaji kutoka mbali, kwa mkono wa watu wasiowafahamu. Hapo chanzo na mada viliachana. Kiswahili cha leo kina njia za kuuonesha mwachano huo: habari kutoka Tanga hutaja chanzo, na habari kuhusu Tanga hutaja mada. Mwandishi aliyeko Dar es Salaam anaweza kuandika habari kuhusu Tanga bila kufika huko. Katika safu za awali, habari za Tanga zilimhitaji mtu wa Tanga.

4.0 Athari kwa Utafiti

Suala hili lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, mtafiti anayepima safu hizo kwa kigezo cha upya huziona kuwa porojo za vijijini, na hivyo kupuuza mahali ambapo Waafrika wengi walipata nafasi ya kuandika kwa majina yao katika gazeti la serikali. Pili, mwanaleksikografia anayefafanua habari kama taarifa ya tukio jipya huipachika maana ya sasa katika matini za zamani.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kamusi za kihistoria zioneshe maana ya masimulizi kando ya ile ya taarifa, na kwamba wahariri wa matini hizo wasibadilishe habari za kuwa habari kuhusu kwa lengo la kurahisisha usomaji. Badiliko hilo la neno moja humwondoa msemaji na kumbakiza anayesemwa.