Vikwazo vya Marekani na sheria ya Ulaya ya kuvikinga



Tunaoishi ughaibuni twajua uzito wa kuambiwa na benki kwamba akaunti yako imefungwa. Mwaka 2007 yaliwafika Wacuba wapatao mia moja huko Austria. Benki yao, BAWAG, ilikuwa ikinunuliwa na kampuni ya Kimarekani, Cerberus, na Marekani ina vikwazo dhidi ya Cuba. Kosa la wateja wale? Uraia wao tu.

Sasa, Austria si jimbo la Marekani. Kwa nini sheria ya Washington imfuate mtu mpaka huko? Swali hilo Umoja wa Ulaya ulilijibu Novemba 1996 kwa kanuni namba 2271/96, baada ya Marekani kupitisha sheria ya Helms-Burton kuhusu Cuba. Ina nguzo tatu. Kwanza, kampuni ya Ulaya hairuhusiwi kutii vikwazo vilivyomo kwenye orodha yake, ila kwa idhini ya Kamisheni ya Ulaya. Pili, hukumu za nje zinazotokana na vikwazo hivyo hazitambuliwi. Tatu, aliyepata hasara anaweza kudai fidia.

Austria ikaanza kuichukulia BAWAG hatua. Benki ikatafuta ruhusa maalumu Marekani, kisha akaunti zikarudishwa. Tazameni basi: haki ilipatikana, lakini bado hodi ilipigwa Washington.

Udhaifu wenyewe ndio huo. Mwaka 2018 Marekani ilipojitoa kwenye mkataba wa nyuklia wa Iran, Ulaya iliongeza vikwazo vya Iran kwenye orodha ile. Hata hivyo Total ikauacha mradi wake wa gesi wa South Pars. Mfanyabiashara akipima faini ya Ulaya na kukatiwa dola, anajua ipi itamuua.

Je, sheria hii haina maana? Hapana. Desemba 2021, katika kesi ya Bank Melli Iran na Telekom Deutschland iliyomvunjia mikataba ya simu na intaneti, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mteja mwenyewe anaweza kuitumia sheria hii kortini. Dalili zikionyesha kuwa vikwazo ndivyo chanzo, ni juu ya kampuni kuthibitisha vinginevyo. Ila majaji nao watapima hasara itakayoipata kampuni.

Kwa hiyo sheria haimwondolei tajiri hofu ya dola. Inachompa mnyonge ni haki ya kuuliza "kwa nini?", na mkubwa akalazimika kujibu. Si haba.