Ziwa Nzilo: kafi na motere, nani amwachie mwenzake njia?

Kiangazi kikianza, mwezi wa 5, watu wa Kolwezi wanaikumbuka Nzilo. Wenye pesa wanavuta kano yao ya motere nyuma ya jipu. Sisi wengine tunapatana na mvuvi, anatuazima bwato la mti, tunapakia unga wa bukari, sufuria, bashi moja na watoto, tunapiga kafi pole pole mpaka ng'ambo. Kule tunafunga musasa, kile kibanda cha mgongo mmoja kilicho wazi upande wa mbele, tunalala siku mbili za konje. Hakuna vumbi la kariere, hakuna sirene ya posti.

Na mtu asituambie kwamba sisi ni wageni kwenye maji yale. Lualaba ni ya Mungu, ziwa, hapana. Lilitokana na baraji ambayo Union Minière ilijenga kwenye magenge ya Nzilo miaka ya 1950, wakati ule ikiitwa Delcommune, ili migodi na viwanda vipate umeme. Santrali yake ni ya megawati 108. Waliobeba simiti ni ba nkambo zetu. Jina la Mbelgiji liliondoka, maji yakabaki.

Sasa shida iko wapi? Si motere yenyewe. Motere inavusha mgonjwa, inafikisha samaki sokoni wangali wabichi. Shida ni kwamba juu ya maji hakuna rondi-poa wala polisi wa rulaji, na mwenye nguvu anafikiri njia yote ni yake.

Fikiri kariere. Bene kubwa ikishuka, shofa hawezi kuona jipu ndogo iliyo chini ya pua yake. Juu ya hiyo jipu inabeba bendera kwenye fimbo ndefu na taa ya kuzunguka. Lakini hatukuishia kwa bendera tu. Bene nayo ina spidi yake na umbali wake, na shofa akivunja sheria anaitwa kwa ofisi. Kwenye ziwa ni vile vile: kano ikipewa gesi, pua inapanda, anayeendesha anaona mbingu. Bwato la mti linakaa chini, ukuta wake unapita maji kwa shubiri moja au mbili tu. Ukiongeza jua la saa kumi na moja machoni, wewe na watoto wako hamuonekani hata kidogo.

Tena bwato halihitaji kugongwa. Mawimbi yanatosha. Hapa kuna jambo ambalo hata waendesha motere wenye roho nzuri hawalijui. Kano inapokimbia sana inateleza juu ya maji. Inapopunguza mbio, mkia unazama, na hapo ndipo inasukuma wimbi kubwa kuliko yote. Kwa hiyo yule anayekuja mbio halafu anapunguza karibu nawe, akikupungia mkono, anakupa wimbi baya zaidi. Apunguze mbali, apite pole kabisa, au azunguke mbali.

Kiangazi kilichopita tulikuwa watu watano ndani ya bwato, karibu na matete. Kano ikapita, labda mita 20. Mvuvi akapiga kelele: "Hapana kusimama! Kaeni chini!" Akageuza pua kidogo kwenye wimbi, asipokee kwa ubavu. Maji yaliingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, unga ukalowa, mtoto mmoja akalia mpaka usiku. Mzee yule alisema tu: "Habatuone. Banaona mayi, habaone batu."

Baharini jambo hili liliandikwa zamani. Kanuni za kimataifa za 1972 zinasema chombo cha injini kimpishe anayevua kwa nyavu na anayekwenda kwa tanga. Anayepiga kafi au makasia, giza likiingia, awe na taa nyeupe karibu ya kuonyesha mapema. Zile ni sheria za bahari, Nzilo si bahari. Lakini akili yake ni ile ile ya kariere: mwenye uzito na mbio ndiye anabeba mzigo wa kwanza.

Kwa upande wetu pia kuna kazi. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, kikiwa kimejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangoja. Hakuna motere iliyowagonga. Basi bwato la watu wanne ni la watu wanne, hata kama shemeji amechelewa. Kila mtoto avae jile ya kuelea. Likipinduka, lishikeni: mti unaelea hata ukijaa maji, na kichwa kimoja peke yake katikati ya ziwa hakionekani. Na wewe wa motere ukija kuokoa, zima injini kabla hujamvuta mtu.

Musasa nao una sheria zake. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, mgongo wa kibanda uelekee huko. Jengeni juu, mbali na mstari wa takataka zilizoachwa na maji, na bwato livutwe nchi kavu kisha lifungwe, sababu wimbi la kano ya usiku linalichukua bila kuaga. Mkiufunga musasa kwa bashi pande zote kwa ajili ya baridi, mbabula ibaki nje. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Sendika iulize nini? Tunataka wakuu wa usafiri wa maji, wavuvi na wenye kano wakae meza moja: mita 100 kutoka ukingo iwe sehemu ya mwendo wa pole, na michezo ya mbio ipewe upande wake. Wenye kano wengi tunawajua, tunaonana nao Jumatatu kazini. Mtu anayekurudisha nyumbani kwa kukosa kaski anaelewa vizuri maana ya usalama.

Karatasi hiyo itachukua muda. Kwa sasa funga kitambaa cheupe juu ya fimbo, na usivuke katikati jioni. Ukilazimika, taa ya kichwani, ile ya posti ya usiku, inatosha, kama ni yako na si ya kampuni. Ichaji kabla ya kutoka nyumbani. Usimulike macho ya anayekuja, utampofusha: mulika bwato na kafi yako, ajue hapo kuna watu.