Zahabu ya unga isiende na maji: namna ya kuweka slusi

Wandugu wanachama, wengi kati yetu wanalima wakati wa mvua, na wakati wa kipwa wanashuka mutoni kuosha muchanga. Feza ya zahabu ndiyo inanunua mbegu na majembe, ndiyo inalipa minerval ya watoto. Lakini kila mwaka malalamiko ni yale yale: "Tulichimba juma nzima, hata gramu moja haikufika. Shimo imechoka."

Pengine shimo limechoka kweli. Lakini mara nyingi zahabu ilitoka shimoni, ikapanda ku slusi, ikapita juu ya tapi, na ikaenda na maji. Ushahidi tuko nao mbele ya macho: wamama wanaokuja nyuma kuosha tena muchanga uliotupwa wanapata kitu. Kama hakungekuwa na zahabu ndani, wangerudi juu ya nini?

Tangu 1903, zahabu ilipoonekana katika vijito vya Kilo, huko Ituri, watu wameosha muchanga wa vijito vingi mara mbili, mara tatu. Vipande vikubwa ndivyo vinashikwa kwanza. Kinachobaki sana sana ni unga, na unga unaomba slusi iwekwe kwa uangalifu.

Kwa nini unga unakimbia

Zahabu ni nzito karibu mara 19 kuliko maji. Muchanga wa kawaida hauzidi mara 3, na ule muchanga mweusi unaovutwa na sumaku unafika kama mara 5. Kwa hiyo zahabu inapenda kushuka chini mbele ya vingine vyote. Lakini chembe ndogo, nyembamba kama ganda la kitunguu, inashuka pole pole. Maji yakiwa na mbio, inafika mwisho wa slusi mbele ya kugusa tapi. Tena udongo wa mufinyanzi ukiwa haujavunjika, unaifunga zahabu ndani ya donge na kuibeba mupaka inje.

Kutengeneza na kuweka

Slusi ni sanduku refu la mbao, lisilo na kifuniko, wazi ku ncha zote mbili. Urefu wa mita 2 au 3, upana wa sentimita 30 mupaka 40, na kuta za sentimita 20 zinatosha. Chini tandika tapi yenye manyoya. Ilale sawasawa bila mukunjo, maana maji yakipita chini ya tapi, yanaiba. Ikate vipande: cha kwanza, cha juu, kiwe na urefu wa sentimita 50. Sababu yake tutaiona mbele.

Kisha pima muteremuko. Musipime kwa macho. Chukua mubao ulionyooka wa mita 1, uulaze ndani ya slusi kwa urefu wake. Weka juu yake chupa ya plastiki iliyo wazi, ilale, ikiwa na maji nusu. Inua ncha ya chini ya mubao mupaka maji ya chupa yatulie sawa. Sasa pima nafasi kati ya ncha ile na sakafu ya slusi. Anza na sentimita 10. Hii ndiyo muteremuko wa kila mita.

Upime pia kwa upana. Mwaga maji kidogo: yakikimbilia upande mumoja, weka jiwe bapa chini ya muguu wa upande ule mupaka yatembee kwa upana wote.

Chekecheke na maji

Hapa ndipo ekipe nyingi zinapoteza. Mawe makubwa yanaomba maji ya nguvu ili yasukumwe, na maji ya nguvu ndiyo yanabeba unga. Basi mawe yasiingie hata kidogo. Weka ku kichwa cha slusi pipa lililokatwa au beseni kubwa, na juu yake chekecheke ya matundu ya milimita 2 au 3. Koroga udongo na maji, vunja madonge kwa mikono, uache kinachopita tu kiingie. Mawe yanayobaki yaangalieni mbele ya kuyatupa, kisha yatafaa kwa kujaza mashimo.

Maji juu ya tapi yawe membamba, sentimita 1 mupaka 3. Lisha slusi kidogo kidogo bila kukatiza. Beleshi kumi kwa mara moja, kisha kupumuzika, ni kufunika tapi na kuifunua tena.

Tapi yenyewe itawaambia. Muchanga mweupe ukilala na kugandamana juu yake, muteremuko ni mudogo: ongeza sentimita 1. Muchanga mweusi ukiwa haukai hata kidogo na tapi inabaki safi, maji yana mbio: punguza maji kwanza, kisha muteremuko. Musibadilishe vitu viwili kwa mara moja, hamutajua ni kipi kimesaidia.

Muchanga mweusi ukianza kufunika manyoya, tapi imeshiba. Ioshe mbele ya chembe mupya kukosa mahali pa kujificha. Kwa wengi ni kila saa 2 au 3. Mukingoja jioni, mumeshapoteza. Acheni kulisha, mufunge maji, mukunje tapi pole pole, muioshe ndani ya beseni la maji safi, si ndani ya muto.

Majaribio mawili

La kwanza: mara tatu kwa siku, kinga beseni moja ya kile kinachotoka mwisho wa slusi, ukioshe kwa karai. Ukiona chembe za zahabu, slusi inavuja.

La pili: osha kile kipande cha juu cha tapi peke yake, na kipande cha mwisho peke yake. Slusi iliyowekwa muzuri inashika sehemu kubwa ya zahabu ku kichwa. Kipande cha mwisho kikitoa karibu sawa na cha juu, fahamuni kwamba zahabu nyingine imekwisha kupita.

Majaribio haya na kuosha tapi vifanyike mbele ya ekipe nzima, na mutu mumoja aandike ndani ya kaye: tarehe, muteremuko, zahabu ya juu, zahabu ya chini, uzito wa mwisho. Kaye inamaliza maneno ya "nani alichukua" mbele hayajageuka ugomvi.

Zebaki si dawa ya slusi mubaya

Wengine, wakiona unga unakimbia, wanamwaga zebaki, ile wanaita merkiri, juu ya tapi. Ni hasara mara mbili. Maji yanaivunja zebaki kuwa matone madogo sana, nayo yanaondoka pamoja na zahabu iliyoshika. Kisha inaingia ndani ya samaki tunaokula. Moshi wake unaharibu mapafu na akili, na unaumiza mutoto aliye tumboni. Kwa hiyo musiichome kamwe ndani ya jikoni wala karibu na nyumba. Muchanga wa tapi unaweza kusafishwa kwa karai, ukaushwe, na muchanga mweusi utolewe kwa sumaku. Zahabu ya unga ikielea wakati wa kuosha, tone moja la sabuni ndani ya karai linaifanya izame.

Maji ya slusi na mashamba

Potopoto ya slusi isiende moja kwa moja mutoni wala ku shamba la muchele. Chimba mashimo mawili yanayofuatana: la kwanza linashika muchanga, la pili linashika matope, na maji yaliyotulia yanaweza kurudishwa ku slusi. Udongo mweusi wa juu uweke pembeni mbele ya kuchimba, na mvua ikikaribia, jaza mashimo kwa mawe na muchanga, kisha urudishe udongo ule juu. Pale ndipo tutapanda.

Mukumbuke pia: sheria inaomba kila muchimbaji awe na karte yake, awe mwanachama wa koperative ya wachimbaji iliyokubaliwa, na achimbe ndani ya eneo lililotengwa kwa wachimbaji wadogo.

Kwa mukutano unaokuja, kila ekipe ilete kaye yake. Tutalinganisha kipande cha juu na cha chini, na tutajua ni slusi gani inaomba kurekebishwa mbele ya kusema shimo limechoka.