GARI LA PETROLI KUTUMIA GESI YA MTUNGI: FAIDA IKO WAPI, HATARI IKO WAPI?



Katika mikutano ya matawi, kwenye makambi ya mashamba ya chai na kwenye milango ya viwanda, tumekuwa tukiulizwa swali moja: "Nikilifunga gari langu la zamani mtungi wa gesi ya kupikia, je, nitaokoa fedha ya petroli?" Wako wanachama wetu wenye pikapu na teksi kuukuu walizonunua kwa kiinua mgongo au kwa akiba ya miaka mingi. Baada ya zamu hubeba abiria na mizigo, na pato hilo ndilo linalolipa karo ya watoto. Mwenye gari la namna hiyo akisikia habari ya mafuta rahisi, ni haki yake kuuliza.

Tutajibu kwa uwazi, na tutajibu kama watu tuliokwisha kukosea wenyewe.

YALIYOTUPATA

Tawi letu lilikuwa na pikapu ya zamani ya kabureta, ya kuwatembelea wanachama walioko mbali. Petroli ilipopanda bei, kamati yetu ilikubali shauri la fundi mmoja. Alichukua mtungi wa gesi wa kilo 13, akaufunga kwa kamba nyuma ya pikapu, akatoa mpira wa jiko la gesi mpaka kwenye kabureta. Gari liliwaka. Tulipiga makofi.

Siku ya nne tulikuwa tunapanda kilima kwenda kambini. Gari likaishiwa nguvu, likazima. Jua lilikuwa kali, lakini mtungi ulikuwa umefunikwa na barafu nyeupe. Fundi akaulaza mtungi ubavu ili gesi ije kwa wingi. Ikaja kwa wingi mno. Dereva alipowasha, injini ikarudisha moto kwenye kabureta, mpira ukachomoka, moto ukaruka. Dereva wetu aliungua mikono yote miwili. Kama mtungi ungekuwa ndani ya gari na milango imefungwa, leo tungekuwa tunaandika habari ya maziko.

Ndugu huyo alikaa wiki sita bila kazi. Fidia hakupata, kwa sababu hakuumia katika kazi ya mwajiri. Tulimchangia kutoka mfuko wa tawi, na haikutosha. Kosa halikuwa lake; lilikuwa letu sisi viongozi tulioidhinisha jambo tusilolijua. Baadaye tuliwatafuta mafundi wanaojua kazi hiyo, tukajifunza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

GESI HII NI NINI

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani, zinazotokana na mafuta ya petroli na visima vya gesi. Ikishindiliwa huwa majimaji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Ikitoka nje hugeuka mvuke, na lita moja ya majimaji hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke. Tundu dogo basi linaweza kujaza chumba kizima.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoka dirishani, bali hushuka sakafuni, huingia mtaroni na hujaa katika shimo la gereji, pale fundi anapoingia kutazama chini ya gari. Huko husubiri cheche. Harufu mbaya tunayoinusa imetiwa makusudi ili tujue kwamba inavuja.

Tusiichanganye na gesi inayotumiwa na magari ya ndugu zetu wa Dar es Salaam. Ile ni gesi asilia ya Tanzania. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba. Katika gari hubaki kuwa gesi tu, imeshindiliwa kwa nguvu kubwa sana, kiasi cha mara 200 ya nguvu ya hewa, katika mitungi minene. Nayo ni nyepesi kuliko hewa. Vifaa vya gesi ile si vifaa vya gesi hii. Atakayekuuzia kimoja kwa kazi ya kingine anakuuzia ajali.

KWA NINI MTUNGI WA JIKONI UNASHINDWA

Muuguzi akikupaka spiriti kabla ya sindano unasikia baridi. Ni kwa sababu kitu cha majimaji kikigeuka mvuke hunyonya joto la mahali kilipo. Mtungi wa gesi hufanya vivyo hivyo. Jiko moja hutumia gramu 200 hivi za gesi kwa saa, kwa hiyo mtungi hupoa kidogo tu. Gari dogo katika mwendo wa barabarani huweza kutumia kilo 4 au 5 kwa saa, yaani zaidi ya mara 20 ya jiko. Mtungi hauwezi kupata joto kwa haraka hiyo. Huganda, nguvu ya gesi hushuka, na gari huzima, hasa penye kilima.

Ukiulaza au kuupindua, hutoka majimaji badala ya mvuke, na mpira wa jiko na kabureta havikutengenezwa kupokea majimaji hayo. Hapo ndipo tulipoungua.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Gari lililogeuzwa sawasawa lina vyombo hivi.

Kwanza, tangi la chuma la gari, ambalo si mtungi wa jikoni. Hutoa majimaji kutoka chini. Lina vali inayofunga likijaa asilimia 80, kwa sababu majimaji ya gesi yakipata joto hutanuka sana, nayo lazima yaachiwe nafasi. Lina vali ya usalama inayofunguka nguvu ikizidi, ili gesi itoke kidogo kidogo badala ya tangi kupasuka. Hufungwa kwa boliti na mikanda ya chuma kwenye mwili wa gari, lisichomoke gari likigongwa. Likiwa ndani ya buti, vali zake hufunikwa kwa kisanduku kisichopitisha gesi, chenye bomba la kutoa mvuke nje, chini ya gari.

Pili, bomba la shaba linalopita chini ya gari, mbali na ekzosi, likishikwa kila mahali lisitikisike wala kusuguliwa.

Tatu, vali za umeme zinazofunga gesi injini inapozima. Gari likipinduka na injini ikazima, gesi hukatwa yenyewe.

Nne, chombo cha kugeuza majimaji kuwa mvuke, ambacho mafundi wengi hukiita reguleta. Ndani yake hupita maji ya moto ya rejeta, ndiyo maana hakigandi. Hiki ndicho tulichokikosa pale kilimani. Kwa sababu hiyohiyo gari la namna hii huwashwa kwa petroli, nalo hubadilishwa kwenda gesi maji yakishapata moto.

Tano, kichanganyio juu ya kabureta, kinachopima gesi na hewa, na swichi ya kuchagua petroli au gesi.

Kikikosekana kimoja katika hivi, gari halijageuzwa. Limetegwa tu.

INJINI YA ZAMANI

Injini ya kabureta huipokea gesi hii vizuri. Gesi haichafui oili upesi, wala haiachi masizi mengi. Lakini yako mambo mawili. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya vali. Petroli ya risasi ilikomeshwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Gesi nayo haina risasi. Injini ambayo viti vyake vya vali ni laini vitalika, na nafasi ya vali itapotea. Mwambie fundi aipime mara kwa mara.

La pili ni moto wa plagi. Gesi huhitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Plagi zilizochoka na waya mbovu ndizo zinazofanya injini irudishe moto. Kabla ya kufikiria gesi, tengeneza kwanza mambo hayo. Wako wenzetu waliofanya hivyo, wakasafisha na kabureta, wakaona petroli imepungua bila kununua kifaa cha gesi hata kimoja.

TUPIGE HESABU

Sasa tuje kwenye fedha. Kilo 1 ya gesi ina joto sawa na petroli kiasi cha lita 1.4. Basi chukua bei ya petroli ya lita 1 uzidishe kwa 1.4. Kilo ya gesi ikizidi hapo, unapoteza.

Kwa mfano, tuseme petroli ni shilingi 5,000 kwa lita. Mara 1.4 ni shilingi 7,000. Ukinunua gesi ya mtungi kwa shilingi 9,000 kilo moja, kila kilo umepoteza shilingi 2,000, tena bado hujalipa vifaa wala fundi. Fanya hesabu hiyo kwa bei za mahali pako, usichukue zetu za mfano. Sisi tulipoifanya kwa bei tulizokuwa tukilipa, tuliona kwamba dereva wetu aliungua mikono kwa ajili ya akiba ambayo haikuwapo.

Kwa nini basi huko Italia, Uholanzi, Polandi, Uturuki na Korea Kusini watu wamegeuza magari? Uturuki na Polandi magari ya namna hiyo ni mamilioni. Jibu ni kwamba huko gesi ya magari huuzwa kwenye pampu kwa lita, na serikali huitoza kodi ndogo kuliko petroli. Mnunuzi halipii kujaza mtungi, kuusafirisha na faida ya kila duka unamopita. Kwenye pampu kanuni ni hii: lita 1 ya petroli hufanya kazi ya lita 1.25 hivi za gesi, kwa hiyo gesi lazima iwe chini ya shilingi 80 kwa kila shilingi 100 za petroli ndipo uanze kupata kitu. Jirani zetu wa Nairobi, baadhi ya madereva wa teksi wamegeuza magari yao baada ya petroli kupanda sana mwaka 2022 na 2023, nao hujaza kwenye vituo vyenye pampu.

Kwa hiyo faida haiko katika gesi peke yake. Iko katika pampu na katika bei, na hayo mawili mtu mmoja hawezi kuyaleta nyumbani kwake kwa spana.

FUNZO LA UFARANSA

Tarehe 31 Januari 1999, katika mji wa Vénissieux karibu na Lyon, wahuni walilichoma moto gari lenye tangi la gesi hii. Tangi halikuwa na vali ya usalama. Wazima moto walipokuwa wakifanya kazi yao tangi lilipasuka, na baadhi yao waliumia vibaya. Baada ya hapo Ufaransa iliamuru matangi yawe na vali hiyo. Wale walikuwa wafanyakazi kama sisi. Waliumia kwa kukosekana kwa kitu kidogo kinachoshikika mkononi. Hapa kwetu tusingoje waumie wenzetu ndipo tudai.

TUNACHOWASHAURI

Usitumie mtungi wa jikoni katika gari, hata kwa siku moja. Usimimine gesi kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine nyumbani. Usikubali tangi kuukuu lisilo na maandishi ya kiwanda na tarehe ya kupimwa. Iulize kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kugeuza gari. Kazi ya tangi, bomba na reguleta mwachie fundi aliyefundishwa, naye akupe karatasi yenye sahihi yake.

Kama gari lako tayari linatumia gesi, kazi yako ya nyumbani ni hii: kila mwezi paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likivimba, gesi inavuja. Usilitafute tundu kwa kiberiti. Funga vali ya tangi, sukuma gari nje kwenye upepo, usiwashe hata swichi ya taa, kisha mwite fundi. Usiliegeshe juu ya shimo la gereji.

Kwa upande wetu, tawi limeamua pikapu irudi kwenye petroli. Tumeamua pia kwamba hakuna chombo cha chama kitakachobadilishwa bila kamati kuona vifaa na hesabu. Tunawaomba wanachama wenye magari wajiandikishe kwa makatibu wa matawi. Tukiwa wengi tunaweza kudai pampu na bei nafuu, na tunaweza kumleta fundi mmoja wa kweli kwa gharama ya kuchangiana.

Ndugu aliyeungua amerudi kazini. Vidole viwili havijakunjuka vizuri mpaka leo, naye ndiye aliyetutaka tuandike makala haya, ili asitokee mwingine.

Umoja ni nguvu.