Kingo za Nanighi Zina Miiba

Mwiba wa mti wa mathenge hautoboi tairi mambo yakaishia hapo. Huzama taratibu, ukakatikia ndani ya mpira, ncha yake ikabaki imejificha mahali ambapo jicho haliioni. Mwendeshaji anaziba pancha, anajaza upepo, anapanda na kwenda zake. Baada ya mwendo mfupi tairi limelala tena. Anadhani kiraka kimebanduka, kumbe kiraka ni kizima. Ni ile ncha, iliyongoja tyubu ijae ili iitoboe upya.

Haya nilifundishwa Nanighi, kando ya Mto Tana, na kijana anayewaongoza wageni kwa baiskeli kwenye ukingo wa mfereji unaopeleka maji Skimu ya Umwagiliaji ya Bura. Nilikuwa nimekwenda huko kwa habari ya pampu. Ya pampu niliiandika upesi, nikaiwasilisha. Ya mwiba haijanitoka akilini hadi leo.

Kazi yake hasa ni ufundi wa baiskeli. Kuongoza wageni kulianza kwa kuulizwa njia: mtafiti aliyetaka kufika kijiji fulani, mwanafunzi wa chuo aliyetaka kuona mashamba, mara moja moja mgeni aliyekuja na baiskeli yake ya milimani yenye tairi pana na gea nyingi. Kuwaelekeza kwa kidole hakukutosha, akaanza kuwapeleka. Mama yake ni Mpokomo, baba Mmunyoyaya, kwa hiyo vijiji vingi vya kando ya mto anavifikia kama mtoto wa nyumbani.

Nilipopata pancha alinisogeza kivulini, akaipindua baiskeli juu chini na kulifungua tairi kwa mipini ya vijiko viwili. Akachota maji ya mfereji kwa dumu lililokatwa, akaizamisha tyubu akiizungusha polepole mpaka mapovu yakajitokeza. Hapo ningekausha, nikapiga msasa, nikapaka solushoni na kubandika. Yeye aliiweka tyubu kando kana kwamba haina haraka. Akatoa mfukoni kitambaa chakavu cha pamba, akakipitisha ndani ya tairi, mzunguko mzima, kwa mkono mwepesi. Kitambaa kikanasa. Akakirudisha nyuma, kikanasa palepale.

"Kidole kitakudanganya, bwana mwandishi," akasema. "Kidole kina ngozi ngumu. Pamba haidanganyi."

Akaing'oa ile ncha kwa koleo na kuniwekea kiganjani. Ilikuwa ndogo mno, nyeusi, ngumu ajabu. Aliendelea kupitisha kitambaa, akatoa nyingine ambayo ilikuwa bado haijafika kwenye tyubu. Ndipo akaziba. Kabla ya kufunga, alichukua tairi kuukuu alilokuwa amelikata kingo zake, akalilaza ndani ya langu kama bitana, likawa tairi ndani ya tairi. Baiskeli huwa nzito hivyo, alikiri, na mgeni anayependa mbio hulalamika. Lakini hamruhusu mtu kuufuata mfereji bila bitana, isipokuwa wale wenye tairi zisizo na tyubu, zenye gundi ya maji ndani inayojiziba yenyewe.

"Mgeni ananiambia baiskeli yake ni ya laki mbili. Mimi naangalia tairi tu. Mathenge hauulizi bei."

Mathenge haukufika Tana wenyewe. Uliingizwa Kenya miaka ya 1970, ukapandwa kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa. Katika miaka ya 1980 ukaletwa Bura, kwa nia njema. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikuwa imezihamishia huko familia kutoka pembe nyingi za nchi zilime pamba, na ilihofiwa kwamba zingeumaliza msitu wa mtoni kwa kutafuta kuni. Ukachaguliwa mti unaokua upesi, usiojali ukame. Mifugo ikala maganda yake matamu na kuzitawanya mbegu kwa kinyesi. Pampu za Nanighi, ambazo zilikusudiwa kuwa za muda tu hadi mto utakapojengewa kizingiti, zilichoka. Skimu ikaporomoka mwaka 1989, na mathenge ukajichukulia mashamba yaliyoachwa. Skimu imefufuliwa tangu hapo, lakini mti haukurudi ulikotoka. Kule Baringo wananchi waliufikisha mahakamani mwaka 2006, wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake.

Kijana huyu alikuwa hajazaliwa mti ulipoletwa. Ameukuta, kama alivyoukuta mto.

Kitu cha pili anachokijua, na ambacho ramani ya simu haimwonyeshi mgeni, ni malka, zile njia zinazopita kati ya mashamba ili mifugo ifike majini. Msomaji anakumbuka damu iliyomwagika Tana mwaka 2012, wakulima na wafugaji wakigombea ardhi, malisho na maji. Tulipofika kwenye malka alishuka, akaniashiria nishuke. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wakiteremka kunywa. Akamwamkia mzee aliyekuwa nyuma ya kundi, wakaulizana habari za mvua, za nyumbani, za mnyama aliyekuwa mgonjwa. Sisi tukasimama tumeshika baiskeli mpaka ng'ombe wa mwisho akanywa na kupanda. Jua lilikuwa kali, na nilimwuliza kama hatungeweza kupenya taratibu pembeni.

"Ukipita katikati utawatawanya, waingie shambani mwa watu. Wewe utakwenda zako Nairobi. Mimi nitabaki hapa na mwenye ng'ombe na mwenye shamba."

Kwingineko kazi hii imeshapata jina na soko. Hell's Gate, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1984, hupokea watu wanaoendesha baiskeli kando ya pundamilia. Maasai Mara ina mashindano yake ya njia za changarawe. Mto wa Mbu, upande wa Tanzania, waongozaji huwapitisha wageni kwenye migomba hadi karibu na Ziwa Manyara. David Kinjah alimlea Chris Froome kwenye njia za vijiji vya Kikuyu, miaka mingi kabla Froome hajashinda Tour de France mara 4. Tana haitajwi kokote katika orodha hiyo, na sababu moja ni nzito: usalama. Barabara ya kutoka Garissa kuelekea Hola imewahi kushambuliwa, na ng'ambo ya mto ni Fafi, ambako wasafiri husita zaidi. Kijana halifichi hilo. Huuliza hali ya njia kila asubuhi, na siku akiambiwa si nzuri, hakuna safari hata mgeni apandishe malipo.

Nimejiuliza mengi ambayo sikupata wa kunijibu. Ukingo anaoutumia si wake. Ni wa mfereji wa serikali, na siku ukifungiwa watu wasipite, njia yake imekwisha. Mathenge ukikatwa bila kung'olewa mizizi huchipua upya, tena kwa matawi mengi zaidi: nani atalipa ung'olewe, na wachoma makaa wanaoutegemea watakula nini? Na wageni wakiongezeka, je, kampuni za mjini hazitakuja na magari, baiskeli na waongozaji wao, wasiojua malka iko wapi?

Ninaloamini ni hili: kaunti ikitaka utalii wa baiskeli huku, ianze kwa kuung'oa mathenge kwenye kingo, na kuwalipa vijana wa Nanighi na Bura kwa kazi hiyo, kabla ya kuchapisha picha hata moja ya machweo ya Tana.

Nawe msomaji, ukiamua kwenda, chagua kiangazi, maana mvua zikija udongo wa huku hushika magurudumu yasizunguke. Uliza polisi wa Bura kuhusu hali ya njia kabla hujaondoka. Beba tyubu za akiba, solushoni na viraka kupita mahitaji yako, na vitakavyobaki mwachie fundi. Ujira wake mpe mkononi, siku ileile.