Sikio la Ndani na Rubani Aliyeingia Mawinguni

Marubani wengi wa ndege ndogo huruka kwa kutegemea macho. Hutazama ardhi, mito, barabara na upeo wa macho, na kwa alama hizo hujua kama mabawa yamelala sawa na kama pua ya ndege imeinuka au imeinama. Kanuni za kimataifa za urukaji wa aina hii humtaka rubani akae nje ya mawingu na, katika mwinuko wa chini, kwa kawaida awe na mwonekano usiopungua kilomita 5. Hatari huanza pale hali ya hewa inapobadilika njiani, ukungu ukashuka au mvua ikaziba vilima, naye akaendelea mbele. Kinachofuata mara nyingi huelezwa kuwa ni kosa la uongozaji tu. Kwa mtazamo wa kitabibu ni tukio la kifiziolojia pia: mwili wenye afya kamili humpa rubani taarifa za uongo, naye huziamini.

Jinsi mwili unavyotambua mkao wake

Ubongo hupokea habari za mkao na mwendo kutoka sehemu tatu: macho, viungo vya usawa vilivyomo katika sikio la ndani, na hisia za misuli, maungo na ngozi. Macho ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote, na husahihisha makosa ya hivyo vingine bila mtu kujua.

Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, iliyojaa kimiminika. Kichwa kinapogeuka, kuta za mfereji hugeuka nacho, lakini kimiminika huchelewa, kama maji ya bakuli lililozungushwa ghafla. Uchelewaji huo husukuma kizibo laini chenye vinyweleo vya seli za hisia, na ubongo hupata habari kwamba mwili unazunguka. Jirani na mifereji hiyo mna vifuko viwili vyenye fuwele ndogo za kalsiamu kaboneti, ambavyo hupima mvutano wa dunia na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au chini.

Viungo hivi viliumbwa kwa ajili ya kiumbe anayetembea ardhini, na vina mipaka. Mzunguko unaoanza polepole sana hauhisiwi kabisa. Mzunguko unaoendelea kwa kasi isiyobadilika huhisiwa mwanzoni tu. Baada ya takriban sekunde 10 hadi 20 kimiminika huwa kimeufikia mwendo wa kuta, na hisia hutoweka. Mzunguko ukikoma, kimiminika huendelea kwenda, na mtu huhisi anazungushwa upande wa pili, kama mtoto anayejizungusha uwanjani kisha akasimama ghafla. Fuwele nazo haziwezi kutofautisha kichwa kilichoinamishwa nyuma na mwili unaoongezewa kasi kwenda mbele. Kwa hiyo rubani anayeongeza kasi bila kuona nje huweza kuhisi pua ya ndege inainuka, akaisukuma chini isivyopasa.

Mzunguko unaoishia ardhini

Ndani ya wingu macho hayana cha kushika. Bawa moja huinama taratibu, na rubani hahisi. Ndege huanza kukata kona na pua yake hushuka. Akiona kipimo cha mwinuko kinapungua, huvuta usukani ili apande. Lakini kwa kuwa mabawa hayajanyooshwa, kuvuta huko huikaza kona na ndege huzidi kushuka. Akiyanyoosha mabawa, sikio humwambia kwamba sasa anazunguka upande wa pili, naye huyarudisha katika mwinamo ule wa kwanza, ambao ndio anaohisi kuwa sawa.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, nchini Marekani, kilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa vipimo. Walipozibiwa mwonekano wa nje, wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, na 19 kati yao waliingia katika mzunguko huo wa kushuka. Muda wa wastani ulikuwa sekunde 178, yaani pungufu ya dakika 3.

Wala si lazima pawe na dhoruba. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa Rais wa zamani wa Marekani, aliendesha ndege yake ndogo juu ya bahari kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Hakuwa na sifa ya kuruka kwa vipimo. Ndege ilianguka baharini, akafa yeye, mkewe na shemeji yake. Wachunguzi hawakupata dalili ya hitilafu ya mitambo. Walihitimisha kwamba rubani alipotewa na hisia ya mkao, huku utusitusi wa hewa na giza la usiku vikichangia. Bahari na mbingu zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, na upeo haukuonekana.

Shinikizo la kufika

Hali ya hewa huharibika hatua kwa hatua, na kila hatua huonekana ndogo kuliko usumbufu wa kurudi. Abiria wanaosubiri, giza linalokaribia na kiwanja kilichobaki dakika chache humvuta rubani mbele. Katika Afrika Mashariki, ambako madaktari wameruka kwa ndege ndogo kufuata wagonjwa tangu miaka ya 1950, shinikizo huweza kutoka kwa wahudumu wa afya wenyewe. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua ni sababu ya kweli ya kuharakisha, lakini ukungu wa masika juu ya milima haupungui kwa sababu ya hali yake.

Tahadhari

Kwa rubani, tiba bora ni kugeuza mapema, angali anaona ardhi. Akishaingia mawinguni, aviamini vipimo kuliko mwili wake: anyooshe mabawa kwa kufuata upeo bandia, asigeuze kichwa ghafla, na aombe msaada wa waongozaji ndege bila aibu. Mafunzo ya vipimo yarudiwe mara kwa mara, kwani ujuzi huo hufifia. Asiruke akiwa na mafua yaliyoziba masikio, uchovu au masalia ya pombe, wala baada ya kumeza dawa ya mzio inayoleta usingizi, kabla hajamwona daktari wa usafiri wa anga.

Kwa mhudumu wa afya anayeomba ndege, ni vema rubani aulizwe kuhusu hali ya hewa kabla hajaelezwa habari za mgonjwa, kama zifanyavyo baadhi ya huduma za ndege za wagonjwa. Mpango wa gari, damu ya akiba na ushauri kwa simu viandaliwe wakati huohuo, ili jibu la "hapana" lisimwache mgonjwa bila msaada. Wahenga walisema kawia ufike. Ndege isiyofika humwacha mgonjwa palepale alipokuwa, na huongeza wengine wa kuombolezwa.