Kidole Gumba Kipumuzike, Lakini Gitare Isitobolewe



Kama unapiga besi katika kwaya, ao kama mutoto wako anapiga, soma habari hii mupaka mwisho. Ni jambo dogo, lakini limekwisha kuharibu gitare nyingi.

Siku moja ya posho, saa ya mazoezi ya kwaya hapa Lubudi, kijana wetu wa besi alifika na vitu viwili mukononi: kipande cha muti alichokuwa amekilainisha vizuri, na mashine ya kutoboa aliyoazima kwa jirani. Akaniambia: “Papa Pasta, nataka nifunge huu muti juu ya gitare, kidole gumba kipate fasi ya kupumuzika. Mukono unaniuma.”

Nikamuuliza: “Mwana wangu, hii gitare iko ya nani?”

Akacheka: “Iko ya kanisa, Papa.”

“Basi, kabla ya kutoboa, tuiangalie pamoja.”

Tukaiweka juu ya meza. Karibu na nyuzi tukaona matundu mawili ya zamani. Mupigaji mwingine, aliyekuwa na mukono murefu, alikuwa amefunga kipande chake hapo, kisha akahama muji na kwenda nacho. Matundu yalibaki. Verni ilipasuka pembeni yake, na matundu yale hayakufaa kitu kwa kijana wetu, kwa sababu kidole chake kinaanguka mahali pengine. Nikamwambia: “Unaona? Wewe ukitoboa mawili, na atakayekuja nyuma yako akitoboa mawili, kisha miaka kumi tutakuwa na chujio, hatutakuwa na gitare.” Mashine ikarudi kwa jirani siku ile ile.

Lakini musomaji, usifikiri kijana alikuwa na kosa kwa kutafuta pumuziko. Hapana. Haja yake ilikuwa ya kweli.

Kidole kinatafuta nini?

Sisi watu wa Katanga tunajua kazi ya kidole gumba. Jean Bosco Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, katika teritware hii yetu ya Lubudi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimukuta Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, akarekodi muziki wake, na dunia ikamusikia. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu: gumba kwa nyuzi nene, na kidole cha pili kwa nyuzi nyembamba. Kwake gumba lilikuwa mufanyakazi mukubwa.

Kwa besi ya umeme mambo yamegeuka. Wengi wanapiga kwa kidole cha pili na cha tatu, na gumba linakuwa kama muguu wa kusimamia. Likikosa mahali pa kusimama, mukono wote unaning'inia, kiwiko kinajikaza, na mwisho wa ibada ndefu maumivu yanaanza.

Hata watengenezaji hawakujua tangu mwanzo mahali pa kuweka kipande hicho. Leo Fender wa California alianza kuuza besi yake ya Precision mwaka wa 1951. Katika gitare hizo kipande cha kushikilia kilikuwa chini, upande wa uzi mwembamba, kwa maana ilifikiriwa kwamba watu watapiga kwa gumba na kushikilia kwa vidole vingine. Wapigaji wengi wakafanya kinyume. Katika miaka ya 1970 kiwanda kikakihamisha juu, upande wa uzi munene. Sasa fikiri: kama kiwanda chenyewe kilibadilisha mawazo, wewe utajuaje leo kwamba tundu lako litafaa kesho?

Jaribu kwanza bila kutengeneza kitu

Njia ya kwanza haiombi hata franka moja. Weka gumba juu ya mikro, ni kusema kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi chenye kusikia mulio. Ukienda kupiga nyuzi nyembamba, shusha gumba likae juu ya uzi munene. Hapo linafanya kazi mbili: linapumuzika, na linanyamazisha uzi ule usilie ovyo. Wapigaji wengi hawahitaji kitu zaidi.

Angalia pia mukanda. Gitare ikining'inia chini sana, kifundo cha mukono kinapindika vibaya, na hakuna kipande cha muti kitakachoponya jambo hilo. Pandisha mukanda kwanza. Na kama maumivu yanaendelea hata siku ambayo haupigi, pumuzika na uende kwa munganga.

Kutafuta mahali pa kweli

Kama mikro iko mbali na mukono wako, basi tengeneza kipande. Lakini mahali pake pasichaguliwe kwa macho. Simama na gitare kama siku ya ibada, funga macho, piga wimbo unaoujua sana. Mwenzako aangalie gumba linaanguka wapi, aweke alama kwa skochi ya karatasi. Rudia mara tatu. Utoe skochi hiyo siku ile ile, isikauke juu ya verni.

Kumbuka pia mulio. Ukipiga karibu na shingo ya gitare, sauti ni ya muviringo na nene. Ukipiga karibu na mahali nyuzi zinafungiwa, sauti ni kali na kavu. Mahali pa kipande ni mahali pa sauti pia.

Namna tulivyofanya sisi

Gitare yetu iko na plake ya plastiki mbele, iliyofungwa kwa visi ndogo. Visi hizo ziko na matundu yake tayari. Tukatumia hayo.

Tulikata bati nyembamba ya aliminiumu, tukaitoboa matundu mawili yanayolingana na visi mbili za pembeni ya plake. Bati ile ikalala juu ya plake, ikielekea kwenye nyuzi. Kwenye ncha yake tukafunga kipande cha mulombwa, urefu wa sentimetre 7 hivi, upana wa sentimetre 1, kwa visi fupi zinazotoka chini ya bati na vichwa vyake vikazamishwa. Kona zote tukazisugua kwa tupa na karatasi ya kusugulia mbao. Chini ya bati tukaweka kitambaa laini ili plake isikwaruzwe. Mashine ya kutoboa ilitoboa bati na muti wetu, gitare haikuiona.

Mambo mane ya kuangalia:

Moja, urefu wa kwenda juu. Kichwa cha kipande kisipite nyuzi. Kikiwa sawa na mikro, inatosha. Kikipanda sana, vidole vitagonga.

Mbili, visi. Kwa sababu bati na kitambaa vimeongeza unene, visi za zamani zinaweza kuwa fupi. Peleka moja sokoni kama mufano, ununue yenye unene ule ule, na urefu uzidi kwa kadiri ya unene ulioongezwa tu. Zile za zamani uzitie katika bahasha, uandike juu yake, uzichunge ndani ya sanduku la gitare.

Tatu, kurudisha visi katika muti. Usiisukume kwa nguvu. Zungusha turnevisi kwanza kinyume, polepole, mupaka usikie visi inaanguka katika njia yake ya zamani. Ndipo ukaze, kwa vidole viwili tu. Wengi wanakata njia mupya kila mara, na tundu linakufa.

Ine, usiguse visi za mikro kwa kazi hii. Hizo zinapima umbali kati ya mikro na nyuzi. Ukizichezea, sauti inabadilika.

Na kole je?

Wengine watasema: “Skochi ya kole pande mbili inatosha.” Inaweza kufaa juu ya plake ya plastiki. Juu ya verni, ogopa. Verni ya zamani inaweza kutoka pamoja na kole, na mipira mingine inaacha alama isiyofutika. Na katika kanisa lenye bati juu, mwezi wa kumi, joto linalainisha kole, kipande kinateleza katikati ya wimbo. Ukitaka kukibandua, pitisha uzi mwembamba wenye nguvu chini yake kama musumeno, polepole. Usikivute.

Mwisho wa habari

Kijana wetu alipiga na kipande chake karibu mwaka muzima, na mukono ukatulia. Kisha akaenda Kolwezi kutafuta kazi. Besi ikashikwa na binti mumoja wa miaka 15, mwenye mukono mufupi. Siku ya kwanza akaniambia: “Papa, hiki kipande kinanizuia.”

Nikamupa turnevisi na ile bahasha. Kisha dakika chache gitare ilikuwa kama ilivyokuwa zamani, bila tundu jipya hata moja. Anaweka gumba juu ya mikro, na besi inasikika mupaka inje kwenye barabara.

Kipande cha mulombwa kiko bado ndani ya sanduku. Siku moja mukono mwingine utakihitaji.